Gitaa jipya linalia kama kopo: ninunue ampu gani?

Mwalimu, shikamoo.

Napiga gitaa mwaka wa tisa sasa. Muda mwingi nilipiga la kuazima, kisha nikawa na langu ambalo shingo ilikuja kupinda. Miezi miwili iliyopita nikajikakamua nikanunua gitaa kavu jipya, lile linalosikika hata bila umeme, la nyuzi za chuma, lile umbo kubwa la drednoti. Ubavuni lina kiboksi chenye vinobu vinne na kimlango cha betri, na mkiani lina tundu la kuchomeka waya. Bila waya linaimba, Mwalimu. Nikipiga usiku, mume wangu huacha anachofanya akasikiliza.

Shida imeanza nilipolichomeka. Rafiki yangu anayepiga gitaa la umeme aliniazima ampu yake, sanduku la kukuzia sauti, kubwa, nzito, yenye spika moja ya inchi 12. Sauti iliyotoka sikuitambua. Kama mtu anagonga kopo tupu ndani ya chumba cha jirani. Nilizungusha vinobu vyote, vya gitaa na vya ampu, nikapata kopo la aina nyingine. Halafu nilipoongeza sauti kidogo, uzi wa tano ukaanza kuvuma wenyewe. Niliupiga mara moja tu, ukaendelea, ukazidi kukua, mpaka nikauziba kwa kiganja.

Sasa nataka kununua ampu yangu. Tuko wanne: mimi napiga na kuimba, mwenzangu mmoja anaimba, mmoja anapiga kahoni, lile sanduku la kukalia, na mwingine filimbi. Tunapiga kwenye vyumba vya watu 50 au 60 waliokaa. Mahali pengine pana miksa na spika, pengine hakuna kitu. Mara mbili kwa mwaka hivi tunapiga nje ambako hata umeme hakuna.

Mwenye ampu ananiambia chini ya wati 100 nisiguse, nitajuta. Muuzaji wa duka moja akanionyesha ampu yenye aina 40 za sauti, akasema hiyo inafaa kila gitaa. Mume wangu yeye anauliza gitaa lenyewe lina sauti, sanduku la nini tena? Naomba unisaidie kabla sijapoteza pesa.

Mwenye Gitaa Jipya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa gitaa.

Nianze na hilo kopo. Ampu ya rafiki yako haina ubovu, umeipa kazi isiyo yake. Gitaa la umeme likiwa peke yake ni ala nusu, na ampu ndiyo inayolimalizia: inapunguza hapa, inavimbisha pale, ikisukumwa inakwaruza kidogo, na huko kukwaruza ndiyo raha ya wapigaji wake. Spika yake ya inchi 12 kwa kawaida huanza kuchoka sauti ikifika mitetemo kama 5,000 kwa sekunde, na hakuna twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya kuipokea. Kwa gitaa la umeme ni heri iwe hivyo, maana huko juu kuna ukali mtupu.

Gitaa lako limeshamalizwa na mbao zake. Ule mchakacho mdogo wa kucha kwenye uzi, ile hewa inayobaki baada ya mkono kupita, kung'aa kwa nyuzi mbili nyembamba, vyote viko huko juu ambako spika ile haifiki. Ukivikata vinabaki vya katikati, tena vimevimbishwa. Ndiyo kopo lako. Unaweza kuzungusha vinobu mpaka kesho, huwezi kuongeza kitu ambacho spika haikitoi.

Kwa hiyo unatafuta ampu iliyotengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu. Ndani yake utakuta spika isiyo kubwa sana, mara nyingi kati ya inchi 5 na 8, na karibu zote zina twita au spika iliyoundwa kufika huko juu. Kazi yake ni kutoa kile ilichopewa bila kuongeza chake. Hapo yule muuzaji wa sauti 40 umemwepuka bila hata ya kugombana naye. Sauti 40 maana yake ni ampu inayoigiza ampu nyingine 40, na wewe hutaki hata moja kati ya hizo.

Sasa tuingie ndani ya gitaa, maana ampu huchaguliwa kutokea huko. Karibu kila gitaa la aina yako lina pikapu (siyo gari) ya piezo. Ni kipande chembamba kilicholala chini ya ule mfupa mweupe ambao nyuzi hupita juu yake kwenye daraja. Nyuzi zikitetemeka, mfupa unakikandamiza na kukiachia, nacho kinatoa umeme mdogo sana. Kiboksi chako cha ubavuni ni priampu, kinachoupa nguvu umeme huo kabla haujaingia kwenye waya. Kujua kama priampu ndiyo inayofanya kazi yote, chomoa betri upige. Ikinyamaza kabisa, basi ampu yoyote ya gitaa kavu italipokea gitaa lako bila taabu.

Msomaji mwingine ambaye gitaa lake lina tundu la waya lakini halina betri wala vinobu asome hapa vizuri. Piezo tupu inataka kuingia kwenye tundu lenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 au zaidi. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la miksa, besi inakimbia na unabaki na sauti nyembamba kama ya redio ya simu. Wengi huilaumu pikapu hapo, wakati kosa ni la mahali walipoichomeka.

Turudi kwako. Lipo jambo moja ambalo hakuna ampu itakayokuondolea, na nakwambia mapema usije ukanirudia. Piezo ikipigwa kwa nguvu hutoa mlio kama wa mpira uliovutwa ukaachiwa. Pah! Mimi niliwahi kuuza ampu nzuri kabisa nikiilaumu kwa mlio huo. Nikanunua nyingine, mlio ukanifuata mpaka nyumbani. Nilipokuja kutulia nikagundua nilikuwa napiga kwa nguvu zilezile nilizozoea kupiga bila waya, nikitaka watu wa nyuma wasikie, na huku ampu ipo kwa kazi hiyohiyo. Legeza mkono, punguza kidogo kinobu cha katikati kwenye gitaa, na mpira utanywea. Na kabla hujatoka kwenda kujaribu ampu yoyote, weka betri mpya. Betri ya volti 9 inayokaribia kufa hufanya sauti ikwaruze na kusinyaa, na utaikataa ampu isiyo na hatia.

Wati. Rafiki yako hana nia mbaya, ila anapiga pamoja na mtu wa dramu na wewe una kahoni. Masikio hayahesabu wati kama fundi umeme anavyohesabu. Ukitoka wati 60 ukaenda 120 unaongeza desibeli 3 tu. Utasikia tofauti, lakini ndogo. Ili watu waseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Tena spika mbili zenye wati sawa zinaweza kupishana sana kwa ukubwa wa sauti, kwa kuwa moja inageuza umeme kuwa sauti vizuri kuliko nyingine. Kwa hiyo namba iliyoandikwa usoni mwa ampu ichukue kama saizi ya kiatu: inakuambia uanzie wapi kujaribu.

Kwa chumba cha watu 60 waliokaa kusikiliza, na kahoni ikipigwa na mtu mwenye adabu, wati 60 zinakutosha na akiba inabaki. Wati 20 au 30 ni za sebuleni na mazoezi. Zinaweza kufika kwenye chumba hicho, ila utakuwa umezisukuma mpaka mwisho, na ampu ya gitaa kavu ikisukumwa mpaka mwisho inaanza kukwaruza, jambo ambalo ndilo unalolikimbia. Zaidi ya 60 unalipia pia uzito, na mbebaji ni wewe.

Unaimba, kwa hiyo chukua ampu yenye chaneli mbili, moja ya gitaa na moja ya maiki, kila moja na vinobu vyake vya besi na trebo. Usikubali chaneli mbili zenye ikwalaiza moja ya kushirikiana, maana kinachopendeza gitaa mara nyingi huziba koo. Ukikuta swichi iliyoandikwa 48V, hiyo ni ya kupeleka umeme kwenye maiki za kondensa. Maiki za kawaida za jukwaani kama Shure SM58 haziuhitaji, basi iache imezimwa.

Sasa ule uzi wa tano. Hapa nitakaa kidogo.

Uzi wa tano ukiwa wazi hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Chukua chupa tupu upulize juu ya mdomo wake: italia noti moja, ileile kila mara, kwa sababu hewa iliyomo ndani ina mtetemo wake inaoupenda. Gitaa lako nalo ni chupa. Lina tundu na lina hewa, na kwa magitaa makubwa kama drednoti hewa hiyo hupenda kutetemeka karibu na mara 100 kwa sekunde. Unaona ujirani huo? Unapopiga uzi wa tano, ampu inautoa, sauti inaingia tena kwenye tundu, hewa ya ndani inaitikia kwa furaha, uso wa gitaa unatetemeka, piezo inausikia, inaurudisha kwenye ampu. Mzunguko huo ukianza hauhitaji mkono wako tena. Ulipouziba kwa kiganja ulikata mzunguko. Nadhani kiganja kiliuzima uzi na kugusa uso wa gitaa kwa pamoja.

Tatizo hili lina umri kama gitaa kavu lenye waya lenyewe. Gibson walipotoa gitaa lao la J-160E miaka ya 1950, gitaa kavu lililotoka kiwandani likiwa na pikapu ndani, haukupita muda wakalitengeneza kwa uso wa plaiwudi. Mbao ngumu kidogo, isiyoitikia sana, ili lisivume. Yaani walikubali kupunguza uzuri wa gitaa likiwa bila waya ili litulie likiwa na waya. Wewe huna haja ya kufika huko.

Cha kwanza ni mahali ampu inapokaa, na hicho hakina gharama. Usiiweke nyuma yako ikitazama mgongo wako, wala mbele ikitazama tundu la gitaa. Iweke pembeni, hatua mbili au tatu, imegeuzwa kidogo kuelekea watu. Ikiwa sakafuni inapata besi ya ziada kutoka kwenye sakafu, na ikibanwa kwenye kona inapata zaidi. Inyanyue juu ya kiti uone mvumo unavyopungua. Cha pili, kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la gitaa. Kinaonekana kama mchezo lakini kinafanya kazi, na kwa chumba chenye kelele mimi hukiweka bila kujiuliza.

Ndipo tunafika kwenye vitu vya kutafuta usoni mwa ampu. Kuna swichi iliyoandikwa Phase. Inageuza mtetemo, spika ikisukuma pale ilipokuwa inavuta, na mara nyingine kuibonyeza tu kunanyamazisha mvumo. Mara nyingine kunauongeza, kwa hiyo bonyeza usikilize. Na kuna kinobu kilichoandikwa Notch. Hicho kinakata noti moja nyembamba na kuacha nyingine zilivyo: unakizungusha polepole gitaa likiwa linavuma mpaka unafika mahali linanyamaza, unakiacha hapo. Kwa drednoti ningekubali kukosa mwangwi wa kifahari nipate Notch. Kupunguza kinobu cha besi pia kunanyamazisha, ila unakuwa umetupa na besi uliyoinunulia gitaa kubwa.

Kwenye zile sehemu zenye miksa na spika, ampu yako isishindane nazo. Hakikisha nyuma ina tundu la XLR, lile la pini tatu, la kutolea sauti, lililoandikwa DI Out au Line Out. Fundi mitambo anachukua waya kutoka hapo kwenda kwenye miksa, spika kubwa zinawapigia watu, na ampu inabaki kuwapigia ninyi wanne mjisikie. Waya wa kawaida wa gitaa ukizidi mita 6 hivi huanza kuokota mvumo wa umeme njiani, lakini wa XLR unavuka ukumbi mzima ukiwa kimya. Nitasema jambo ambalo wauza ampu hawatalipenda: kama mngekuwa mnapiga kwenye kumbi zenye mitambo peke yake, ningekwambia ununue kisanduku cha DI, kinachopeleka sauti ya gitaa moja kwa moja kwenye miksa, urudi nyumbani, ampu uache. Ila umesema pengine hakuna kitu, kwa hiyo ampu unaihitaji.

Za betri zipo. Roland AC-33 inakwenda kwa betri nane za AA, na Fishman wana Loudbox Mini Charge ambayo unaichaji. Nje lakini ni kugumu kuliko unavyodhani. Hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Ampu inayojaza sebule inaweza kupotea ukiwa uwanjani. Na wewe unapiga nje mara mbili kwa mwaka! Usichague ampu ya siku zote kwa ajili ya siku mbili. Zikifika hizo siku mbili, azima. Ikitokea mbili zinazokupendeza sawasawa na moja ina betri, hapo chukua ya betri.

Kwa majina, ili uwe na pa kuanzia: Fishman Loudbox Mini, wati 60, spika ya inchi 6.5 na twita, chaneli mbili, nyepesi kubeba. AER Compact 60 ya Ujerumani, nayo wati 60, ndogo kama kiti cha mtoto, ambayo wapigaji wengi wa kulipwa hawataki kutengana nayo. Ziko kwenye ngazi tofauti kabisa za bei. Sitakuambia ipi ununue, kwa sababu gitaa lako silisikii kutoka hapa.

Ukienda kujaribu, nenda na gitaa lako na waya wako. Usikubali gitaa la dukani hata likiwa zuri kuliko lako. Vinobu vyote vya besi, kati na trebo viweke katikati, kwenye gitaa na kwenye ampu, na mwangwi uzime kabisa. Muuzaji atataka kuuwasha, maana mwangwi hufanya kila ampu ipendeze kwa dakika tano. Volumu ya gitaa iweke robo tatu. Kabla ya kupiga chochote sikiliza ampu ikiwa kimya: inachemka kama sufuria iliyofunikwa? Hiyo utaisikia kila wimbo wa polepole. Kisha piga uzi mmoja mmoja, taratibu, kuanzia wa sita kwenda wa kwanza, ukisikiliza kama kuna unaoruka mbele ya wenzake au unaojificha. Halafu piga kwa mkono mzima, kisha imba. Mwisho ongeza sauti mpaka uzi wa tano uanze kuvuma, uone umefika wapi kabla haujavuma. Ampu mbili zenye wati sawa utashangaa zinavyopishana hapo.

Kosa ambalo wengi tunalifanya ni kujaribu tukiwa tumekaa juu ya ampu, goti likigusana na spika. Twita inatupa sauti mbele kama tochi inavyotupa mwanga, na ukiwa juu yake unasikia besi tupu. Watu watakuwa mbele, hatua tano, hatua kumi. Unahitaji sikio jingine likae huko.

Hapo ndipo mume wako anapoingia. Yeye ndiye anayelijua gitaa hilo likiwa bila waya kuliko mtu yeyote, umesema mwenyewe huacha kazi akasikiliza. Nenda naye. Mpigie kwanza bila waya, kisha asimame hatua kumi, akupe mgongo asione ipi ni ipi, nawe piga wimbo mmoja kwenye ampu mbili au tatu. Muulize swali moja tu: ipi ni gitaa letu? Usimwambie bei mpaka ajibu. Halafu, akishajibu, mwombe aibebe kwa mkono mmoja kutoka pale mpaka mlangoni na kurudi.